Bidhaa zenye cheti cha mazingira: jibu langu kwa anayefungua duka Malindi

Ndugu, umeuliza mambo mawili: kama kuna maana ya kuweka bidhaa zenye cheti cha mazingira kwenye duka lako la zawadi na vitu vya nyumbani ilhali bei yake iko juu, na kama fremu za mikoko unazoletewa kutoka Lamu zinahesabika humo. Mimi nauza hapahapa Malindi, Barabara ya Lamu. Wateja wangu ni wenyeji, hoteli, na Wataliano msimu ukifika.

La kwanza: ndiyo, weka. Wala sikushauri hivyo kwa ajili ya wema. Anayeulizwa maswali ni wewe uliyesimama kaunta, aliyetengeneza yuko mbali na simu hapokei. Cheti cha kweli kinakupa jibu ambalo mteja anaweza kwenda kulihakiki mwenyewe bila kukutegemea wewe.

Nasema cheti cha kweli kwa sababu kuna picha nyingi za majani ya kijani siku hizi. Kijana wa mauzo aliwahi kuniletea sabuni zilizoandikwa "rafiki wa mazingira". Nikamuuliza nani kathibitisha. Akaligeuza boksi pande zote, akasoma, kisha akanionyesha kwa kidole: "Si imeandikwa hapa?" Imeandikwa, ndiyo, na mwandishi ni kiwanda chenyewe. Wala tusimcheke, maana Ulaya nako ni vivyo hivyo. Tume ya Ulaya ilipochunguza madai ya namna hii mwaka 2020 ilikuta asilimia 53 hayaeleweki, yanapotosha au hayana msingi. Sasa wametunga sheria: kuanzia tarehe 27 Septemba 2026, nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu nembo ya mazingira isiyotokana na mfumo wa uthibitishaji au mamlaka ya serikali. Sheria hiyo haikugusi wewe wa Malindi, lakini itamgusa mtalii wako huko kwao, naye atakuja na mazoea yake.

Tofauti utaiona kwenye namba. Chukua pakiti ya karatasi za chooni au daftari lenye nembo ya FSC, shirika la kimataifa linalosimamia vyeti vya misitu; nembo yake ni ule mti wenye alama ya tiki. Karibu na nembo kuna herufi FSC-C zikifuatwa na tarakimu sita. Iingize kwenye tovuti yao ya kutafuta vyeti, utaona mwenye cheti ni nani, kama kingali hai au kimesitishwa, na kinahusu bidhaa gani. Hapo kwenye aina ya bidhaa ndipo wengi hawaangalii. Cheti cha karatasi hakiwezi kubeba miko ya mbao, hata kama kampuni ni moja. Angalia pia maneno ya nembo: "100%" ni mbao au karatasi kutoka misitu iliyothibitishwa tupu, "Mix" ni mchanganyiko, "Recycled" ni malighafi iliyotumika tena. Kwenye majani ya chai utakutana na picha ya chura, nembo ya cheti cha shirika la Rainforest Alliance.

Na usichanganye hizi na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Ile inazungumzia ubora na usalama, haisemi msitu ulikatwaje.

Tuje kwenye vinyago, maana najua utaviweka. Wachongaji wa pwani walitegemea mti wa muhugu kwa miaka mingi, na sehemu ya muhugu huo ilitoka Arabuko-Sokoke, msitu ule ule wa bundi wa Sokoke. Ni mti unaokua polepole mno, kwa hiyo ile mikubwa ikaadimika. Mwarobaini, au mkilifi, unaota haraka, umejaa mashambani mwetu, na mbao yake inachongeka vizuri. Katikati ya miaka ya 2000 wachongaji wa ushirika hapa pwani na wakulima wenye miti mashambani walifanikiwa kupata cheti cha FSC kwa vinyago vya miti ya namna hiyo. Hesabu ya mbao ilianzia kwa mkulima ikafuatwa hadi kwa mchongaji.

Sasa gharama. Cheti cha FSC kinadumu miaka mitano, na kila mwaka mkaguzi anarudi, naye halipwi kwa shukrani. Kikundi kidogo kinaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado kikashindwa kulipia cheti. Kwa hiyo mchongaji asiye na cheti usimfukuze. Nunua kwake, ila usimbandikie sifa asizozithibitisha. Mwandikie kibao kidogo: mbao gani, shamba la nani. Kabla ya hapo, nusa kinyago: muhugu una harufu yake nzuri. Na ukiambiwa ni mpingo, kisugue kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu vingi ni mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu. Mpingo wenyewe umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, hivyo ukipata oda kubwa ya kusafirisha nje, ulizia vibali mapema.

Faida ya pesa mimi naiona zaidi kwa hoteli kuliko kwa watalii. Hoteli inayotafuta daraja la Ecotourism Kenya, shirika linalopima utalii unaojali mazingira (shaba, fedha, dhahabu), inahitaji kuonyesha inanunua nini. Meneja wa ununuzi akipata duka linalompa ankara yenye namba ya cheti, amepunguziwa kazi, na hatakusumbua sana kwa tofauti ndogo ya bei. Mtalii anasifia sana, kisha anaomba apunguziwe.

Jambo moja la kibiashara ambalo hutaambiwa na msambazaji: ukifungua pakiti, umevunja mnyororo wa uthibitisho kutoka kwa mzalishaji hadi kwa mteja. Ukiuza pakiti ya chai ilivyokuja, nembo ni halali na wewe muuza rejareja huhitaji cheti chako. Ukiipasua ukapima kwenye vifuko vyako, usitaje tena chura. Samaki wenye nembo ya buluu ya MSC, cheti cha uvuvi endelevu, ni hivyo hivyo, wakifunguliwa na kukatwa dukani inabidi duka lenyewe liwe na cheti. Na kuchora nembo ya FSC kwenye bango la duka kunahitaji leseni ya matangazo, hata kama kila kitu ndani kina cheti.

Usijaze duka zima mara moja. Anza na karatasi, madaftari na chai, vitu vinavyotoka kila wiki na ambavyo tofauti ya bei haionekani sana. Namba ya cheti iombe kabla hujatoa amana, na uihakiki upya mzigo mpya ukiingia.

Kuhusu fremu za mikoko: sehemu kubwa ya mikoko ya Kenya iko kaunti ya Lamu, na kuikata kunahitaji leseni ya Huduma ya Misitu, KFS. Mwambie anayekuletea akupe nakala ya vibali vyake, uviweke kwenye faili. Ila kibali kinathibitisha kwamba mti umekatwa kwa ruhusa tu, hakithibitishi kwamba msitu unatunzwa, kwa hiyo fremu hizo usizipange rafu moja na vitu vyenye cheti. Asipokuwa na karatasi yoyote, mrudishie mzigo wake.