Kabla ya kuhesabu wiki za likizo, uliza nani analipa

Nilipopata mimba ya kwanza nilikuwa na swali moja tu: nitapewa wiki ngapi? Leo, dada akinijia na swali hilo, namwambia aanze na lingine: mshahara wa likizo unatoka wapi?

Kwetu ulitoka wote mfukoni mwa mwajiri. Ofisi ilikuwa ndogo, na kwa miezi ile alilipa watu wawili kwa kiti kimoja, mimi na aliyenishikia nafasi. Niliporudi nikakuta wameajiriwa wawili wapya, wote wanaume. Msimamizi akaniambia waziwazi: "Likizo nyingine hatuimudu." Iliniuma sana, hasa kwa wale wasichana walioomba kazi ile wasijue kwa nini hawakuitwa.

Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo isiyopungua wiki 14, na malipo yakifuata mshahara yasipungue theluthi mbili. Lakini kipengele ninachokithamini zaidi ni kile kinachosema mwajiri asibebeshwe gharama hiyo peke yake. Itoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma. Waajiri wote wakichangia mfuko mmoja, hata asiye na mwanamke hata mmoja kazini, tumbo la mfanyakazi halimtishi mtu. Kwa hiyo mgombea akikuahidi kuongeza wiki, muulize habari za mfuko. Kuongeza wiki kunapigiwa makofi. Michango haimpi mtu kura.

La kunyonyesha, liandikie barua kabla hujaondoka. Mimi nilikamua maziwa stoo, katikati ya maboksi ya karatasi, kiti nimekiegemeza mlangoni maana kitasa kilikuwa kibovu. Mkataba uleule unahesabu muda huo kuwa wa kazi, wenye malipo.

Na baba? Uswidi iliruhusu wazazi wote wawili kugawana likizo tangu 1974, lakini akina baba wengi waliwaachia wake zao siku zao. Mwaka 1995 ukatengwa mwezi mmoja usiohamishika: mzazi asipoutumia, umepotea. Hapo ndipo wengi zaidi walipoanza kubaki nyumbani. Kwa mtoto wa pili tukaiga. Mume wangu alichukua siku zake mimi nikisharudi kazini, si tukiwa nyumbani pamoja. Siku ya kwanza alinipigia simu mara nne. Siku ya tano, hakupiga kabisa.