Zebaki kwenye krimu za kujichubua

Je, zebaki iliyo kwenye krimu za kujichubua inaishia kwenye ngozi tu? Hapana, haiishii hapo. Zebaki inapenya hadi kwenye damu na kuharibu figo, na mtoto unayelala naye anaipata pia, kwa mvuke wake na kwa shuka na taulo mnazotumia pamoja. Shirika la Afya Duniani limeshalieleza hili wazi.

Na kopo kutoandikwa "mercury", yaani zebaki kwa Kiingereza, si ushahidi kwamba haimo. Angalia neno "calomel", ambalo ni jina la kemikali yenye zebaki, au onyo la kutogusisha krimu na dhahabu, fedha au alumini. Ukiliona hilo, tafadhali usijipake. Ila mkorogo wa dukani, ule unaopimiwa kwa kijiko kwenye kikopo kisicho na lebo, hauna hata pa kusoma. Huo bila maabara hujui umebeba nini.