Bosi akijibu "sawa" tu, usingizi unanipaa

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29. Kila nikimtumia bosi ripoti akajibu "sawa" bila neno la ziada, naanza kuwaza: kanichoka, atanifukuza, sina nifanyalo likafaa. Nimejaribu kuyafukuza mawazo hayo, nimejaribu kujisemea kuwa mimi ni hodari, wapi! Usiku yanarudi. Nifanyeje?*
*Nisiyelala*

Marahaba, mwanangu. Kwanza acha kuyafukuza. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwataka watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5. Hawakuweza. Tena waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria kuliko wale ambao hawakuwa wamekatazwa kabla. Ukikaza kulitimua wazo, akili inabaki kuchungulia kama limeondoka, na kila ikichungulia inalikuta. Kujisifu nako hakukusaidia kwa sababu mwenyewe hukusadiki.

Usilifukuze, wala usilipambe. Lihoji. Njia hii ilitokana na kazi ya Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, aliyeona katika miaka ya 1960 kwamba wagonjwa wake wenye sonona walipitiwa na mawazo ya haraka mno, wakayaamini bila kuyakagua.

Chukua daftari, maana kichwani utazunguka palepale. Andika kilichotokea kama ambavyo kamera ingekinasa: "Saa 8 mchana nilituma ripoti, saa 9 bosi akajibu 'sawa'." Umeona? Kuchokwa hakumo, kufukuzwa hakumo. Hayo umeyaongeza wewe. Chini yake andika hisia na ukali wake kati ya 0 na 100, tuseme hofu 85.

Kisha wazo lenyewe, na hapa ndipo wengi wanapokwama: wanaandika swali. "Itakuwaje akinifukuza?" Swali haliwezi kuwa kweli wala uongo, kwa hiyo litakuzungusha hadi alfajiri. Ligeuze liwe kauli, "Bosi anapanga kunifukuza," na useme unaiamini kwa asilimia ngapi.

Sasa ushahidi, wa kuiunga mkono na wa kuipinga. Kubali tu kile ambacho mtu mwingine angeweza kukiona au kukisikia. "Nahisi kachoka nami" si ushahidi, ni hofu ileile imebadili nguo. Ripoti ngapi kati ya 10 za mwisho zilirudishwa? Umewahi kuitwa ukaonywa? Wenzako anawajibuje? Ukikuta ushahidi wa kweli dhidi yako, mathalani umechelewesha mara 3, usiufiche. Hilo si wazo la kuhojiwa tena, ni tatizo la kutatuliwa, na dawa yake ni ratiba.

Malizia kwa sentensi inayobeba pande zote mbili, bila sukari: "Bosi hujibu kwa neno moja. Ripoti 2 kati ya 10 zilirudi, nikazirekebisha, sijaonywa." Pima hofu upya. Ikishuka kutoka 85 hadi 60, zoezi limefanya kazi. Anayengoja sifuri huliacha daftari siku ya tatu.

Usipotosheka, jaribu kwa vitendo. Andika unachodhani bosi atajibu, halafu muulize: "Kuna sehemu ya ripoti ungependa niiboreshe?" Linganisha jibu na ulichoandika. Uliza mara moja tu, mwanangu. Kuomba kuhakikishiwa kila siku hutuliza kwa saa moja, kisha hofu hudai dozi nyingine.

Usiku usifanye zoezi lote kitandani. Andika mstari mmoja, funga daftari, uliahirishe wazo hadi muda uliojipangia kesho, dakika 15 hadi 20, mbali na saa za kulala. Ukurasa mmoja kwa siku unatosha. Siku za kwanza utaona ni kazi bure, kwa sababu wazo ulilolizoea miaka mingi huja upesi kuliko lile jipya.

Lakini huzuni ikikukalia karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, au ukipoteza hamu ya mambo uliyoyapenda, muone daktari au mshauri nasaha. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, tafuta msaada siku hiyohiyo. Daftari nalo lichukue, kurasa zake zitamweleza mengi ambayo ungeyasahau ukishaketi mbele yake.