Kulala Cancún bila kumaliza akiba: maswali yenu na majibu yangu

Niliwahi kutaja hapa kwamba familia yetu ya watu wanne ilikaa Cancún, Mexico, siku sita, tukalala hoteli ya mjini badala ya ile ya ufukweni, na tukarudi nyumbani bila deni. Tangu siku hiyo maswali yamemiminika. Nimechagua yale yanayowagusa wengi.

Hoteli za ufukweni bei zake zinatisha. Kweli mtu anaweza kulala mjini na bado akaifaidi bahari? (Mama wa watatu, Houston)

Anaweza, dada yangu, na wala si kwa kujinyima. Angalia tu mji wenyewe ulivyojengwa. Cancún haina ukale wa Lamu wala wa Unguja. Serikali ya Mexico ilianza kuijenga mwaka 1970, mahali ambapo hapakuwa na watu ila wavuvi wachache, na hoteli za kwanza zikafungua milango katikati ya miaka hiyo ya 70. Tangu mwanzo ilipangwa kuwa miji miwili. Wa kwanza ni Zona Hotelera, ukanda wa hoteli uliokaa juu ya ulimi mwembamba wa mchanga wenye umbo la tarakimu 7, bahari ya Karibi upande huu na ziwa la Nichupté, lenye maji ya chumvichumvi na mamba, upande ule. Wa pili ni El Centro, mji wa bara uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi.

Mgeni wa kawaida hutolewa uwanja wa ndege akapelekwa ukandani, akafungwa utepe wa mgeni wa hoteli mkononi, akarudi kwao bila kuuona mji wa pili. Lakini mjini ndiko wapishi na wahudumu wa hoteli hizo wanakolala, wanakokula na kununua viatu vya watoto wao wa shule. Bei za huko zimepangwa kwa mtu anayelipwa kwa peso. Chumba safi cha watu wawili chenye kiyoyozi mara nyingi utakipata kati ya dola 35 na 60, na kitanda kwenye hosteli kwa chini ya hapo sana.

Kwenda baharini ni basi. Simama Avenida Tulum, barabara kuu ya mjini, panda basi la R-1, mpe dereva peso zake mkononi, na anakupitisha Boulevard Kukulcán yote, kilomita zaidi ya 20 za hoteli. Mabasi yanafuatana kiasi kwamba ukilikosa moja huna haja ya kukimbia. Wekeni sarafu tu, maana dereva hana muda wa kuvunja noti kubwa.

Na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu wengi wanalikosa: fukwe za Mexico ni mali ya umma. Hoteli ina haki na jengo lake, vitanda vyake na miavuli yake, lakini mchanga si wake, na mwaka 2020 sheria iliwekewa faini kwa mwenye kuzuia watu kufika ufukweni. Asichotakiwa mgeni ni kukatiza ukumbi wa hoteli asiyolala. Kwa hiyo tumia njia za umma. Las Perlas ndio ufukwe wa ukandani ulio karibu zaidi na mji. Langosta na Tortugas, kwenye ule mkono wa juu wa 7, maji yake yametulia na watoto wanacheza salama. Delfines ndio mpana na mzuri kuliko zote kwa macho yangu, wenye yale maandishi makubwa ya rangi ambayo kila mtu anapigia picha, ila mawimbi yake yana nguvu. Tazameni bendera: ikiwa nyekundu au nyeusi, kaeni mchangani.

Nimeona hoteli ya dola 28, wameandika "dakika kumi kutoka ufukweni". Niilipie kabla haijaisha? (Kaka wa Minneapolis)

Subiri kwanza, kaka. Safari yetu ya kwanza niliyaamini maneno kama hayo. Hizo dakika kumi zilikuwa za gari, tena alfajiri barabara ikiwa tupu. Tulifika mwezi wa nane. Chumba kilikuwa na feni ya dari inayozunguka kama imechoka, na nilipovuta pazia nilikuta dirisha linatazama ukuta, umbali wa mkono wangu tu, na kati yake bomba la maji linatiririka. Watoto walilala juu ya taulo zilizoloweshwa maji. Asubuhi nikagundua kwamba kituo cha basi kiko mwendo wa nusu saa kwa miguu. Teksi tulizopanda wiki ile zilimeza kila dola tuliyodhani tumeiokoa, na ndipo nilipoanza kuheshimu anwani.

Mitaa ya Cancún imegawanywa kwa namba. Kila mtaa ni supermanzana, na kwenye anwani utaona SM na namba yake. Zile za ishirini na kitu ndizo kitovu cha mji: SM 22 ina bustani ya Parque de las Palapas, SM 23 ina soko dogo la Mercado 23 nyuma ya stendi kuu ya mabasi, SM 28 ina Mercado 28. Hoteli ikiwa hapo, basi la baharini unalifikia kwa miguu. Ukiona anwani imeandikwa Región na namba kama 95 au 100 na zaidi, hiyo ni mitaa ya makazi iliyo mbali, na bei yake ya chini itakurudia kwenye nauli.

Halafu soma maneno ya chumba neno kwa neno. "Con ventilador" ni chenye feni. "Con aire acondicionado" ni chenye kiyoyozi. Kuanzia Mei hadi Oktoba mimi siwezi kumshauri mtu mwenye watoto achukue cha feni. Waandikie hoteli uwaulize kama dirisha linafunguka nje, kama maji ya kunywa yapo mapokezi, na kama wanaweza kukutunzia mizigo siku ya kuondoka. Usisome sifa za mwaka juzi, soma za miezi miwili iliyopita. Tazama pia picha walizopiga wageni wenyewe, hasa za bafu.

Mimi nina pasi ya Kenya. Viza ikoje? (Mombasa)

Pasi ya Kenya au ya Tanzania inahitaji viza ya Mexico, na ubalozi wao uko Nairobi. Lakini ukiwa na viza ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au ya nchi za Schengen ambayo muda wake haujaisha, au una ukaazi wa kudumu wa nchi hizo, unaruhusiwa kuingia kama mtalii bila viza ya Mexico. Kisheria kikomo ni siku 180, ila afisa wa mpakani ndiye anayeandika idadi ya siku, kwa hiyo uwe na tiketi ya kurudi na karatasi ya hoteli mkononi.

Ndugu zangu mlioko Marekani mkingojea majibu ya maombi ya hifadhi ya ukimbizi, hili ni lenu: kutoka ni rahisi kuliko kurudi. Msinunue tiketi yoyote kabla ya kuzungumza na mwanasheria wenu.

Nikishuka uwanjani nifanye nini? Nasikia pale wanakuibia waziwazi. (Dar es Salaam)

Hawakuibii, wanakupotosha. Ukishapita forodha, kabla hujatoka nje, kuna ukumbi wa watu wenye sare na vibandiko vifuani. Watakuita kwa upole, watakuuliza hoteli yako, watakwambia usafiri wako umechelewa au wana zawadi ya safari ya bure. Wengi wao wanauza hisa za likizo (timeshare), yaani haki ya kutumia nyumba ya mapumziko siku kadhaa kila mwaka. Hiyo ya bure utailipa kwa asubuhi nzima ukiwa umekaa kwenye kiti unasikiliza mtu anayekusihi utie saini. Tabasamu, sema "no, gracias", endelea kutembea. Wala usione haya. Sisi watu wa pwani tumelelewa kutompita mtu anayetusalimu, na hapo ndipo wanapotupata.

Ukitoka nje tafuta basi la kampuni iitwayo ADO. Linakupeleka hadi stendi kuu, kwenye kona ya Avenida Tulum na Uxmal, kwa kama nusu saa. Teksi za uwanjani ni ghali, na zile za mjini haziruhusiwi kuchukua abiria hapo. Mjini kwenyewe teksi hazina mita, kwa hiyo bei mnakubaliana kabla hujafungua mlango.

Nimelipa mtandaoni, sasa hoteli inasema nitalipa tena mapokezi. Ni halali? (Toronto)

Mara nyingi ni halali. Kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, kodi ya malazi ya Quintana Roo, jimbo ambamo Cancún imo, na ada ya manispaa ya usafi wa mazingira inayotozwa kwa kila chumba kwa kila usiku. Hii ya mwisho ndiyo inayokusanywa pale kaunta. Uliza bei "con impuestos", yaani kodi zikiwemo ndani. Pia tangu 2021 jimbo lina ada ya watalii wa kigeni iitwayo Visitax. Ilipie kwenye tovuti rasmi ya serikali ya jimbo tu, maana za kughushi zipo.

Lipa kwa peso. Ukilipa kwa dola, muuzaji ndiye anayepanga kiwango, na hakipangi kwa faida yako. Mashine ya benki ikikuuliza kama ikubadilishie yenyewe, kataa, iache benki yako ibadilishe. Na usishtuke ukiona bei imeandikwa $90 kwenye kibanda cha chakula. Alama ile kwa Mexico ni ya peso.

Nisafiri mwezi gani? Binti yangu ameona picha ufukwe umejaa majani. (Mzee wa Leicester)

Shikamoo mzee. Yale majani ni sargassum, mwani unaoelea baharini bila mizizi. Usiufananishe na mwani wanaolima akina mama wa Paje. Huu husukumwa na mikondo hadi pwani ya Karibi, zaidi kati ya Aprili na Agosti. Ukikaa mchangani huoza, na harufu yake ni ya mayai viza. Siku nyingine ufukwe ni safi, kesho yake umefunikwa. Fukwe zinazotazama kaskazini, kama Langosta, husalimika mara nyingi kuliko Delfines.

Septemba na Oktoba ndipo vyumba vinaposhuka bei kabisa, ila huo ni moyo wa msimu wa vimbunga, unaoanza Juni hadi Novemba. Oktoba 2005 kimbunga Wilma kiliuvunjavunja mji huu na kuondoka na mchanga wenyewe. Krismasi, mwezi wa tatu wanafunzi wa Marekani wakiwa likizoni, na wiki ya Pasaka, bei hupaa. Kwa hiyo mimi ningekwambia wiki ya mwisho ya Novemba hadi kama tarehe 12 Desemba. Vimbunga vimepita, mwani umepungua, na umati wa sikukuu haujafika. Chukua chumba unachoweza kukighairi bila faini.

Tutakula nini, na kwa shilingi ngapi? Watoto wangu wanachagua chakula. (Columbus, Ohio)

Hapa ndipo moyo wangu ulipo! Mchana tafuta mahali palipoandikwa "comida corrida" au "cocina económica". Utaletewa supu, kisha sahani ya wali, maharage na nyama au kuku, na chupa nzima ya juisi, mara nyingi kwa chini ya peso 150. Wali na maharage, niambieni mtoto gani wa Kiswahili atakataa. Chapati zao za mahindi huja moto zimefungwa kwenye kitambaa. Waambieni watoto wasiguse kile kibakuli cha rangi ya machungwa mezani, hiyo ni habanero, jamaa wa pilipili mbuzi, na haina huruma.

Jioni nendeni Parque de las Palapas. Familia za mji zinatoka, watoto wanaendesha vigari vya kukodi, na pembeni kuna mikokoteni ya marquesita. Yule mama anamimina uji mwembamba kwenye chuma cha moto, anakifunga, anageuza, kisha anatoa duara jembamba kama karatasi. Analinyunyizia jibini iliyokunwa ya Kiholanzi, anakunja haraka kabla halijakauka, nalo linalia kwa meno. Jibini na chokoleti pamoja, sikuamini mpaka nilipoonja. Na madafu yapo, wanayaita coco frío.

Maji ya bomba msinywe. Hoteli nyingi zina dumu la lita 20 mapokezi. Jazeni chupa zenu hapo.

Nakuja na mama yangu wa miaka 70. Hawezi mawimbi wala mwendo mrefu. (Muscat)

Mfikishie shikamoo zangu. Mpeleke Isla Mujeres, kisiwa kidogo ng'ambo ya Cancún. Pandeni boti Puerto Juárez, ambako ni karibu na mji na nauli ni nafuu kuliko kwenye vituo vya ukanda wa hoteli. Ni kama dakika 20 majini. Mkishuka, msikodi kile kigari cha gofu watakachowaonyesha, bei yake ni kubwa na hamkihitaji. Ufukwe wa Playa Norte mnaufikia kwa mwendo wa robo saa polepole, na kama miguu inamuuma, teksi ya hapo ni fupi. Maji yake ni ya magoti kwa umbali mrefu, yametulia kama ya kwenye beseni. Mama yangu mimi alikaa humo na kanga yake kifuani tangu saa nne asubuhi, na tulipomwita kula alisema tumletee hukohuko. Ila ulizeni saa ya boti ya mwisho mnaposhuka, msingoje jioni.