Maswali ya Wasomaji: Vilima vya Dar kwa Baiskeli ya Mbio

Salaam. Naishi Tabata, nina baiskeli ya mbio na nimezoea tambarare ya Posta hadi Mwenge. Natafuta vilima vya mazoezi vyenye lami, bila kusafiri kwenda mkoani, na niwe nimerudi nyumbani kabla ya saa 5 asubuhi. Nianzie wapi?
*Msomaji wa Tabata*

Umekaa mahali pazuri. Pita Segerea hadi Kinyerezi. Hapo barabara inagawanyika na kila upande una vilima vyake.

Ukielekea kulia unapita Kifuru na Malamba Mawili hadi Mbezi Mwisho, kisha unavuka Barabara ya Morogoro na kuingia njia ya Goba. Goba ndiyo shule. Vilima vyake ni vifupi lakini vinafuatana: unapanda dakika mbili tatu, unashuka bondeni, unaanza tena kabla pumzi haijatulia. Ukifika Goba unaweza kushuka Tangi Bovu, au kuendelea Madale hadi Wazo na Tegeta. Kwa mwezi wa kwanza usiende mbali. Chagua kilima kimoja, kipande mara nne kwa mwendo ambao bado unaweza kutamka sentensi nzima, halafu urudi. Wiki inayofuata ongeza mara moja tu.

Ukielekea Banana, unatokea Barabara ya Nyerere ukiwa umeshaiacha nyuma misongamano ya Tazara na uwanja wa ndege. Geuka kulia, pita Ukonga na Gongo la Mboto, fika Pugu Kajiungeni, kisha shika barabara ya Kisarawe. Hapa unapanda Milima ya Pugu yenyewe, pembezoni mwa msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi. Kilele chake hakizidi sana mita 300 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hewa haipungui. Kinachochosha ni kwamba mtu anakuja na kasi ya tambarare, anaipeleka hivyo hivyo mlimani, na robo ya njia tu miguu imeshakwisha. Shusha gia mapema, mwinuko ukiwa bado haujaanza kukuuma; cheni iliyovutwa kwa nguvu zote haihami vizuri, na mara nyingine hukatika papo hapo.

Ondoka saa 11 na nusu alfajiri, taa za mbele na nyuma zikiwaka. Jua hutoka karibu saa 12 kamili mwezi Novemba na saa 12 na dakika 40 mwezi Julai, kwa hiyo sehemu ya kwanza ni giza. Sababu kubwa ya kuwahi ni upepo kuliko jua. Kadiri ardhi inavyopata joto, upepo wa baharini huongezeka, na wewe unaporudi mjini kutoka Kisarawe unaelekea baharini. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, unakupiga usoni njia nzima. Anayegeuka Kisarawe saa 2 anarudi kwa raha. Anayegeuka saa 4 anaona kana kwamba barabara imepinduka na kuwa mlima kwa kurudi pia.

Njia za mwendokasi ni za mabasi, usiingie hata zikiwa tupu. Kwenye vituo vya daladala kaa hatua mbili kutoka ubavuni mwa gari lililosimama. Mlango hufunguka na konda hushuka bila kuangalia nyuma.

Shikamooni wahariri. Nimenunua baiskeli ya mtumba ya mbio, spoketi mbili mbele, sita nyuma. Kwenye kilima cha Goba nashuka na kusukuma. Fundi anasema niongeze mazoezi. Ni kweli?
*Mwanafunzi, Mbezi*

Marahaba. Mazoezi yatasaidia, lakini kwanza hesabu meno. Baiskeli nyingi za zamani za mbio zina spoketi za mbele za meno 52 na 42, na friwili, yaani fungu la spoketi za nyuma, inayoishia meno 24 au hata 21. Gawanya 42 kwa 24, zidisha kwa mita 2.1 ambazo ni mzunguko wa gurudumu: kila ukizungusha pedeli mara moja unasogea karibu mita 3.7. Ili uzungushe mara 60 tu kwa dakika, ambao ni mwendo wa chini, lazima uwe unapanda kwa kilomita 13 kwa saa. Kwenye mwinuko mkali hilo ni la mtu aliyeiva. Baiskeli hiyo ilipangiwa wanamashindano. Miguu yako haina kosa.

Anza nyuma, ndiyo rahisi. Tafuta friwili ya kusokota ya meno 14 hadi 28. Kabla ya kulipa, angalia kihamisha cheni cha nyuma: vile vifupi vya mbio mara nyingi huishia meno 26 au 28, na ukizidisha, kijigurudumu chake cha juu kitasugua spoketi. Friwili ifunguliwe kwa kifungulio chake maalumu kinachoingia kwenye mifereji yake, gurudumu likiwa bado na spoku zote. Fundi akichukua patasi na nyundo, mzuie. Mifereji ikishaliwa, friwili haitoki tena bila kuivunja.

Kisha spoketi ndogo ya mbele. Kama imefungwa kwa boliti tano, pima kutoka katikati ya boliti moja hadi katikati ya boliti jirani. Ukipata milimita 76 hivi, utaweza kushuka hadi meno 38 au 39. Ukipata kama 65, unaweza kufika 34. Kwa 39 mbele na 28 nyuma, ile mizunguko 60 kwa dakika inakupeleka kilomita 10.5 kwa saa, na hapo kilima kinapandika.

Cheni nayo ibadilishwe pamoja na friwili. Cheni kuukuu huruka kwenye meno mapya, hasa ukisimama kwenye pedeli, na hivyo ndivyo watu wanavyoangukia usukani. Urefu: izungushe kwenye spoketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye kihamisha cheni, halafu ongeza pingili mbili. Siku zijazo ipime kwa rula: pingili 24 zikiwa mpya ni milimita 304.8. Zikifika 306.4, nunua nyingine kabla haijala friwili.

Tuko watu wanne, tunataka kupanda basi hadi Mombo, kisha tupande Lushoto kwa baiskeli na kushuka siku ya pili. Kupanda hatuogopi. Tunaomba ushauri wa kushuka.
*Wasomaji wa Kinondoni*

Mmeuliza swali sahihi. Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za lami nyembamba yenye kona nyingi, na mnapanda karibu mita 1,000. Kushuka, kila mita hiyo inageuka joto kwenye breki.

Kama breki zenu ni za kubana rimu, kosa kubwa ni kuzishika kidogo kidogo mfululizo. Rimu haipati nafasi ya kupoa, joto linaingia kwenye tyubu, na tyubu hupasuka au tairi huchomoka. Bana kwa nguvu kabla ya kona kwa sekunde mbili tatu, breki zote mbili, kisha achia kabisa upepo upooze rimu. Ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ishike ukiwa wima, si ukiwa umeinama konani. Mpira wa breki uwe na mifereji inayoonekana bado. Ukiwa bapa, badilisha. Pitisha kidole kwenye ubavu wa rimu: ikiwa imebonyea, imeliwa, isishuke mlima wowote. Breki za diski, pedi iliyobaki chini ya milimita 1 haistahili safari hii.

Jambo moja la mitumba linasahaulika sana. Baiskeli zilizotoka Japani au Uingereza kwa kawaida zina breki ya mbele mkono wa kulia, na zile za nchi nyingine nyingi za Ulaya huwa mkono wa kushoto. Mkibadilishana baiskeli njiani, kila mtu ajaribu breki kwenye tambarare kwanza.

Kaeni kushoto hata kona ikiwa wazi, maana basi linalopanda hukata kona na kuja upande wenu. Acheni mita 20 kati ya mtu na mtu. Soni ni mahali pazuri pa kusimama, mguse rimu kwa tahadhari, mnywe maji. Msimu wa masika udongo hushuka barabarani na rimu zilizolowa hazishiki mpaka gurudumu lizunguke mara kadhaa; ahirisheni.

Magoti yananiuma mbele, chini ya kofia ya goti, nikipanda vilima.
*Msomaji wa Ukonga*

Siti iko chini, au gia ni nzito, mara nyingi vyote viwili. Kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuinama. Pandisha siti milimita 5 kwa wakati mmoja, tembelea siku mbili, kisha pima tena. Maumivu yakihamia nyuma ya goti, umepita kiasi. Goti likivimba, usiendeshe, nenda ukamwone daktari.

Maji kiasi gani kwenda na kurudi Kisarawe? Madafu yanatosha?
*Msomaji wa Gongo la Mboto*

Nusu lita hadi robo tatu kwa saa, kwa kunywa kidogo kidogo. Unyevunyevu wa Dar hauachi jasho likauke, linachuruzika tu, na chumvi inakwenda nalo. Madafu yana potasiamu nyingi lakini chumvi kidogo, kwa hiyo yanywe ukirudi. Chupa ya barabarani changanya hivi: maji safi lita 1, sukari vijiko sita vya chai na chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha, na ndimu ukipenda. Usizidishe chumvi ukidhani ndiyo nguvu, itakutapisha mlimani.