Kupandikiza nywele: mjue daktari kabla ya kulipa

Ndugu yetu wa Tabora, unauliza kama umtumie wakala malipo ya awali ili ukapandikizwe vishina 5,000 vya nywele kwa siku moja huko Istanbul. Usitume kwanza.

Wakala si daktari. Dai jina kamili la mpasuaji, kisha uliza: nani atachoma ganzi, nani atang'oa vishina kisogoni, nani atatoboa vishimo vya mbele? Akijibu "timu yetu", achana naye. Jina lihakikishe kwenye daftari la madaktari la nchi anakofanyia kazi. Hapa kwetu ni Baraza la Madaktari Tanganyika.

Kubwa zaidi kwetu ni mzizi. Nywele za kipilipili hujikunja hata chini ya ngozi, hivyo kitobozi, kile kifaa cha kung'olea vishina, kikishuka wima huukata mzizi, na kishina kilichokatwa huenda kisiote tena. Omba picha za wenye nywele kama zako, utosi na kisogo, zilizopigwa mwaka mmoja baadaye, nywele zikiwa zimelowa maana zikikauka huficha mapengo. Daktari akikubali kujaribu sehemu ndogo kwanza, huyo anajua kazi. Kama makovu yako huvimba, mwambie mapema.

Tena kisogo hakirudishi kilichong'olewa. Vishina 5,000 ni karibu akiba yote kwa watu wengi, na upara bado unaendelea.

Kabla ya hayo yote, pita hospitali ya Kitete hapo Tabora uombe rufaa kwa daktari wa ngozi. Upara unaowasha, kuuma au kuacha ngozi laini inayong'aa unatibiwa kwanza. Ukipandikiza ugonjwa ukiwa hai, hata vishina vipya huenda vikafa.