Mlima kwanza au mbuga kwanza? Nimefanya vyote viwili, majibu yangu haya

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Kaka yako anatua uwanja wa ndege wa KIA tarehe 1 Desemba akitokea Minneapolis, mna siku 15, mnataka asubuhi ya tarehe 9 iwakute kilele cha Uhuru, na kampuni mliyoongea nayo imewapangia siku nne za Tarangire, Serengeti na Ngorongoro kwanza, halafu Kilimanjaro bila siku ya kupumzika katikati. Sababu waliyowapa ni kwamba mbuga "zitamzoesha kaka". Unauliza kama mkubali.

Mimi nisingekubali, na nitakueleza kwa nini.

Nimepanda Kilimanjaro mara mbili, zote kwa njia ya Machame, zote na mdogo wangu wa kike. Septemba 2015 tulianza na mbuga. Februari 2019 tulianza na mlima.

Ile ya 2015 ratiba ilikuwa kama yenu. Usiku mmoja Tarangire, usiku miwili Seronera katikati ya Serengeti, usiku mmoja kwenye kingo za Ngorongoro, tukaingia Moshi saa 2 usiku, na kesho yake asubuhi tuko geti la Machame tunapimiwa mizigo. Tuliona simba, tuliona chui juu ya mti, sina malalamiko na wanyama hata kidogo. Ila nilikuja kuelewa baadaye kwamba mwili haukuwa umekaa bure zile siku nne. Ulikuwa kazini.

Kwanza vumbi. Lami inaishia geti la Loduare, pale unapoingia hifadhi ya Ngorongoro, na kutoka hapo mpaka Seronera ni rafu rodi. Septemba ni kiangazi kikavu. Ukifunga kioo unaiva kwa joto, ukifungua unakula vumbi la kila gari linalopishana na lako. Siku ya pili tu wote wawili tulikuwa tunakohoa.

Pili, maji. Hili sijaona watu wakilisema, na kwangu ndilo kubwa. Ndani ya hifadhi huwezi kumwambia dereva asimame ukachimbe dawa popote, maana haturuhusiwi kushuka ovyo kwenye gari. Unasubiri ufike kwenye vyoo, na vyoo viko mbali. Kwa mwanamke inakuwa ngumu zaidi. Kwa hiyo mdogo wangu akawa anapiga mafunda mawili matatu ya maji asubuhi na basi mpaka jioni. Siku nne za namna hiyo. Mlimani unatakiwa unywe lita tatu au zaidi kwa siku, naye akaanza akiwa amekauka tayari.

Tatu, usingizi. Kambi za Seronera hazina uzio. Usiku fisi walizunguka jiko na sufuria zikagongana, na simba walinguruma mahali ambapo sikuweza kukisia umbali wake. Ni kitu kizuri kukisikia, sitakisahau. Lakini hulali, na saa 12 asubuhi uko garini tena kwa sababu hiyo ndiyo saa ya wanyama.

Usiku wa mwisho kule juu Ngorongoro tumbo la mdogo wangu likachafuka. Hakuniambia. Aliogopa tutaahirisha mlima wakati pesa imeshalipwa. Nilijua siku ya tatu ya kupanda, kambi ya Barranco, alipoacha supu nusu bakuli akasema ameshiba, na mimi namjua, yule hajawahi kuacha supu. Tulikuwa tumechukua ratiba ya siku sita, ile isiyolala kambi ya Karanga, kwa hiyo kesho yake tukanyoosha moja kwa moja hadi Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, karibu mita 4,670.

Barafu jioni kiongozi wetu alimvalisha kile kipimo cha oksijeni kidoleni, akasoma, akakihamishia kidole kingine, akasoma tena. Kisha akamwomba atembee kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye hema hadi kwenye jiwe, hatua kama kumi hivi. Hatua ya tatu akayumba upande. Kiongozi hakupandisha sauti. Alisema, "Dada, wewe unashuka sasa hivi." Msaidizi wake na mgumu mmoja, yaani mbeba mizigo, wakawasha tochi za kichwani wakaondoka naye gizani kuelekea Mweka, njia ya kushukia. Alfajiri, alipofika chini, kichwa kilikuwa kimeacha kuuma. Yule kiongozi alifanya kazi yake sawasawa, namshukuru mpaka leo.

Mimi nilifika Uhuru saa 1 asubuhi. Kwenye picha nimesimama upande mmoja wa ubao, upande wa pili nimeuacha wazi. Nilisimama vile bila kufikiri, niliona nilipoiangalia nyumbani.

Sasa nisiseme uongo. Siwezi kuapa kwamba ni mbuga zilizomshusha. Siku sita ni chache, na mtu mzima wa afya anaweza kuugua mwinuko hata akiwa amepumzika mwezi mzima. Lakini alifika getini akiwa na kikohozi, amekauka, hajalala, na tumbo limeharibika. Mlima ulipoanza kumdai, hakuwa na akiba.

Tuje kwenye hiyo hoja ya kuzoea. Arusha iko kama mita 1,400. Tarangire iko chini ya hapo, Ziwa Manyara chini zaidi. Seronera ni kama 1,500. Pa juu kabisa utakapolala ni kingo za Ngorongoro, mita 2,300 hivi, tena usiku mmoja. Hewa nyepesi huanza kuutikisa mwili hasa kuanzia kama mita 2,500 kwenda juu. Kambi ya kwanza ya Machame peke yake iko zaidi ya 2,800, na Uhuru ni 5,895. Kwa hiyo siku nne za mbuga hazimzoeshi kaka yako na Kilimanjaro. Zinamzoesha kukaa kwenye gari. Atakayekwambia vinginevyo mwombe akutajie mita za kila kambi utakayolala, uone.

Kinachozoesha ni siku za ziada mlimani kwenyewe. Hiyo pesa ya usiku mmoja wa Serengeti iongezeeni kwenye mlima mpate ratiba ya siku saba, mlale Karanga. Kama mngekuwa na siku nyingi zaidi ningekwambia anzeni na Mlima Meru. Ni mita 4,566, watu huipanda kwa siku tatu au nne, iko ndani ya Hifadhi ya Arusha, na mnatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Siku ya kwanza unapishana na twiga ukiwa kwa miguu. Hiyo ndiyo "mbuga" pekee ninayoijua inayomsaidia mpandaji. Kwa siku 15 zenu, na tarehe 9 iko pale, haitoshi.

Ila kaka yako ana hoja moja ya kweli ya kutopanda kesho yake akishatua. Minneapolis mwezi huo iko nyuma yetu kwa saa tisa. Atakuwa macho saa 8 usiku na kusinzia mchana. Na mabegi hupotea njiani. Mtu akikosa viatu vyake vya mlima alivyovizoea akaazima vya Moshi, malengelenge hayo ni ya wiki nzima. Anahitaji siku mbili za kutulia. Siku mbili hizo zisiwe za rafu rodi, basi.

Mimi ningepanga hivi. Tarehe 2 asubuhi mwacheni alale, mchana mtembee mjini. Tarehe 3 nendeni Hifadhi ya Arusha nusu siku tu, iko karibu na mji, kuna mbega, twiga, flamingo kwenye maziwa ya Momella, mnarudi mapema, jioni mnakagua vifaa na kulala saa 3 usiku. Atakuwa ameonja wanyama, roho imetulia. Tarehe 4 Machame. Kwa ratiba ya siku saba mnaondoka Barafu usiku wa kuamkia tarehe 9, mnatoka geti la Mweka tarehe 10. Tarehe hizo kuna watu wengi wanaopanda kwa ajili ya sikukuu ya Uhuru, kukumbuka Luteni Alexander Nyirenda alivyopeleka bendera na mwenge kileleni mwaka 1961, kwa hiyo lipieni mapema. Na mwanzoni mwa Desemba mvua za vuli zinaweza kuwa bado zipo, msitu wa Machame unakuwa tope tupu. Makoti ya mvua yawe juu kabisa ya begi dogo, msiyape wagumu.

Tarehe 10 mlale Moshi. Tarehe 11 Tarangire, 12 mlale kingo za Ngorongoro, 13 mteremke kreta asubuhi na jioni muwe Ndutu, upande wa kusini wa Serengeti, 14 mrudi Arusha. Serengeti ya kaskazini iacheni. Kuvuka kwa nyumbu mto Mara ni mambo ya Julai hadi Septemba, na Desemba makundi yanateremka kusini kufuata majani mapya, ndiyo maana nasema Ndutu.

Kuna gharama ya mpango huu, uijue. Siku ya kwanza baada ya mlima hutakuwa mtu wa mbuga. Februari 2019 tulipotoka mlimani (siku saba, na safari hii tulifika wote wawili, saa 1 kasoro asubuhi, jua linachomoza nyuma ya kilele cha Mawenzi), magoti yalikuwa yameisha kwa ule mteremko wa Mweka. Asubuhi ya safari hatukuweza kunyanyua mguu kuingia kwenye gari. Dereva alitutazama, akaenda nyuma, akarudi na kreti tupu la soda, akaliweka chini ya mlango. Kila tuliposimama siku nne zile, kreti lilishuka kwanza. Mdogo wangu kucha mbili za miguu zilikuwa nyeusi, akashinda na kandambili. Kutoka Makuyuni mpaka Karatu alilala kabisa. Ndiyo sababu nimekuwekea Tarangire siku ya kwanza: ni karibu, na hamtaumia sana mkisinzia.

Lakini siku ya pili njaa inarudi, na unakula kama mvulana wa bweni. Ukisikia kiu unakunywa maji, usiposikia, basi, maana hakuna kitu mbele yako kinachokusubiri. Ndutu tulisimama karibu na nyumbu jike aliyekuwa anazaa. Ndama alianguka chini, mama akamlamba, akajaribu kusimama miguu ya nyuma kwanza, akaanguka, akajaribu tena. Mdogo wangu alikuwa amesimama juu ya kiti, kichwa nje ya paa. Hatukuongea. Ndama aliposimama na kuanza kumfuata mama yake tulikuwa hatujamaliza hata chupa moja ya maji. Mwaka 2015 nisingekaa pale muda ule. Mawazo yangu yalikuwa yote kwenye mlima, nakagua saa, nahesabu soksi.

Mambo mawili ya haraka. Malaria: ukiumwa na mbu leo, homa huja baada ya wiki moja au zaidi. Ukianza na mbuga, hiyo wiki inaangukia mlimani, ambako kichwa na kichefuchefu kila mtu anavisingizia mwinuko. Kaka yako ameishi nje, kinga aliyokuwa nayo utotoni usiitegemee. Amwambie daktari wake kwamba anaenda mbuga na mlima, ampangie dawa zote pamoja.

Na pesa. Wekeni bahasha ya wagumu pembeni kabla ya kitu kingine chochote, kwa shilingi, na msisahau kuyajua majina yao. Wengi wanaoanza na mbuga hufika Mweka wameshamaliza za mfukoni, na waliobeba hema zao kwa siku saba wanaambulia shukrani. Hilo nimeliona kwa macho getini, nikasikitika.

Kama kampuni inasema haiwezi kubadili mpango, tafuteni nyingine, muda mnao. Na mkishapata gari, mwombeni dereva kreti la soda.